Mpigo Unaoteleza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Baba, bado anagombana na paka wa jirani? Huku mimi na mkwe wako tunashukuru, ingawa kuna maumivu niliyokuficha kwa sababu najua usingelala.

Yalianzia chini ya mbavu za kulia, kila nikila kitu cha mafuta, yakapanda hadi begani. Siku moja kiwandani yalinibana mpaka nikashona kola ya shati juu chini. Nikapigwa picha ya ini na nyongo, wakaona vijiwe, wakasema huenda nikapasuliwa. Nikaogopa kisu. Shoga yangu wa cherehani ya pili, yule tunayemwita Redio kwa mdomo wake, akanielekeza kwa tabibu wa dawa za Kichina. Alisema shemeji yake alipewa majani makali ya kuisafisha nyongo.

Tabibu ni mzee mpole, chumba chake kiko juu ya duka la viatu, ukuta mzima ni vidroo vya mizizi na maganda. Alitazama ulimi wangu, akasema una utando wa njano. Kwa elimu yao hilo ni joto na unyevu vilivyokwama, nyongo haitiririki. Nikamuuliza kama ni kweli bakteria wa tumboni nao wamo. Akacheka, akasema wazee wake hawakuwa na darubini, ila walijua tumbo likivurugika nyongo nayo huharibika. Akaongeza kwamba siku hizi watafiti wanaona bakteria hao huibadilisha nyongo, na pengine wana mkono katika vijiwe, ingawa hakuna aliyemaliza kulijua jambo hilo.

Kisha akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu. Akashika na cha pili. Nilipomwomba yale majani makali, akakataa katakata. Nikamwambia sikupanda ngazi zote zile kuja kuonyesha ulimi.

“Mwanangu,” akasema, “mpigo wako unateleza kama shanga kwenye sahani. Majani yale husukuma kila kitu kishuke. Nenda hospitali ukapimwe kwanza. Naweza kuwa nimekosea, lakini dawa sikupi.”

Nilishuka nimenuna. Mkwe wako, aliyekuwa akinisubiri chini, aliposikia maneno yale akanishika mkono tukaenda moja kwa moja hospitali.

Mama, unajua tulivyongoja, na jinsi ulivyoacha kuniuliza ili usinitoneshe. Nina mimba. Muuguzi alipotuonyesha moyo mdogo ukipiga kwenye kioo, mkwe wako aliketi sakafuni, na kiti kilikuwepo.

Daktari amesema vijiwe vitaangaliwa kwa karibu; nile kidogo kidogo, niache vya kukaanga, na nikipata homa au macho yakiwa ya njano niwahi hospitali. Nilirudi kumshukuru tabibu, akaniambia kwao mpigo unaoteleza vile huwa dalili ya mimba. Nilipofikiria nilichokuwa nataka kumeza, nikalia mbele yake, naye akanivutia kigoda.

Wasalimie wote, ila habari hii ibaki kwenu wawili kwanza. Baba mwambie taratibu, akiwa ameshamaliza kula.

Nakupenda, Mama.

Kitindamimba wako