Mtoto wa Korongo la Nakoret

Kaka yangu Lokidor,

Nisamehe. Miezi kumi na minne ni mingi mno kwa dada kukaa bila kukuandikia, na huko Kitale lazima ulidhani tumekutupa. Natumaini u mzima na magunia ya mahindi hayajakuvunja mgongo. Sisi huku tunapumua. Mama anauliza habari zako kwa kila lori linaloteremka. Mbuzi wamebaki tisa. Nilijifungua mvulana, ananyonya mpaka naona kizunguzungu, na sasa hivi yuko mgongoni ananivuta nywele, kwa hiyo usiucheke mwandiko wangu.

Habari kubwa ni kwamba lile taya limepatikana. Ulilikuta korongoni, ukaliwekea kirundo cha mawe pembeni kama mlivyofundishwa, ukaliacha bila kuligusa ukaenda kumwita Dakta na wenzake wanaochimba mifupa ya kale. Wakaja, wakakuta mawe matupu, wakasema umeliuza. Sasa liko kambini, halijapungua hata jino. Wapishi wanasema Dakta analitazama kuliko anavyomtazama mkewe.

Dakta alitukusanya akatueleza. Ni la mtoto. Meno yake ya ukubwani bado yamelala ndani ya mfupa, hayakupata kuchomoza, kwa hiyo alikufa na miaka kama mitatu. Jino moja lina mistari inayoonyesha kwamba aliugua, akapona, akaugua tena. Si mtu kama sisi, wala si nyani. Ni wa kabla yetu sote. Miaka yake kamili hawaijui, kwa sababu miaka husomwa kwenye udongo uliouzunguka mfupa, na mfupa huu ulihamishwa. Mzee Ekamais akauliza kama mtoto huyo alikuwa na mama wa kumlilia. Dakta akacheka, akasema mfupa uliogeuka jiwe hauhifadhi jambo hilo. Mimi sikucheka.

Sasa kaka, usiichane karatasi hii kabla hujafika mwisho. Aliyelihamisha ni mimi.

Siku ile nilipita na mbuzi. Nikaona kirundo kidogo cha mawe, na kando yake taya dogo lenye meno ya mtoto. Ulikuwa mwezi wa pili tangu tumzike Akal wangu, naye alikuwa na miaka mitatu. Nilidhani ni kaburi la mtoto wa mtu, fisi wamelifukua. Ningepitaje? Nililifunga kwenye shuka, nikapanda nalo kilimani, nikachimba kwa fimbo, nikalilaza, nikapanga mawe mazito juu yake. Nikamwachia tumbaku, kama tunavyowaachia wafu wetu. Nikamwambia alale. Hilo silijutii.

Ninalojutia ni la kesho yake. Nilisikia unavyoulizwa habari za mfupa, nikajua, nikanyamaza. Unajua mume wangu Lomuria ndiye aliyepewa kazi yako wiki ileile. Alirudi nyumbani na unga, kofia yako ya kambi ikiwa kichwani mwake. Mimba ilikuwa changa, nina njaa. Niliupika ule unga nikala. Kaka, ulikuwa mtamu.

Wiki iliyopita nilikwenda kambini kwa miguu yangu nikawaonyesha kilima. Lomuria akaniambia, "Umenipokonya tonge kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzoea mjini." Nikamjibu kwamba hukuzoea, ulifukuzwa. Sasa niko kwa Mama, na mtoto. Dakta anasema ilikuwa kutoelewana tu, urudi ukitaka. Neno samahani halikumtoka. Na msimamizi, yule aliyekusomea barua ya kukuita mwizi mbele ya wachimbaji wote, anataka mambo yaishe kimyakimya. Nimemkatalia.

Sikuombi unisamehe leo. Ukirudi, rudi kwa ajili ya Mama na kazi yako. Mimi unaweza kunipita bila salamu, nitaelewa. Mama anakusalimu sana, na mpwa wako anakusalimu kwa kilio chake.

Ni mimi dada yako,
Asekon

Vitu tunavyohitaji, mpe dereva yeyote wa lori:
Sabuni, miche miwili.
Chumvi.
Blanketi la mtoto, si lazima liwe jipya.
Tumbaku ya Mama, ile kali.
Na ile barua ya kukufukuza, yenye muhuri, kama hukuichoma. Nataka msimamizi aisome tena palepale, mbele ya watu walewale, na akifika kwenye neno mwizi asimame, anyooshe kidole kwangu, aseme alikosea mtu.