Sadala Amekutaja Wewe

Handeni,
14 Machi 1911

Mpendwa mdogo wangu Rehani,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. U hali gani wewe na mkeo Zamda? Sisi tu wazima. Mvua imegoma na mahindi yananyauka, ila tunakula. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Shuka ulilomletea mzee Sadala nalirudisha kwa Kibwana, huyu huyu anayekupa barua. Nilikwambia mzee anaona baridi? Nilikwambia hali chakula, hasemi, ameketi nyuma ya nyumba anatazama ukuta!

Kazi yetu ya uganga waijua. Huja Mzigua aliyefiwa, huja Mmasai, huja Mnyamwezi wa shamba la katani mgongo umechanwa kwa kiboko, na Wakristo wa Mashewa huja kwa njia ya nyuma. Sadala huwasikiliza wote. Waganga wenyewe wakilemewa na majonzi ya watu huja kwangu, maana mganga hajigangi. Safari hii nimeketi na Sadala mwenyewe, nimeshindwa.

Na desturi unaijua, usijifanye mgeni. Mganga akianguka humtaja mmoja katika wale aliowaponya, na huyo ndiye amlishe tonge la kwanza. Mwingine hapokelewi. Sadala amekutaja wewe.

Nawe unaniandikia eti karani wa stesheni haonekani kwenye mambo ya kishenzi, Wadachi watakucheka. Ebo! Uliporudi kutoka vita vya huko kusini, kuwabebea hao hao Wadachi mizigo yao, ulikuwa mtu? Ulikuwa gogo. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Sadala alikuja kila asubuhi akaketi nawe, hakupiga ngoma, hakuuliza neno, mpaka siku uliposema mboga haina chumvi. Nyumba nzima tulicheka huku tunalia. Leo umevaa kofia, umesahau. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Nina hasira nawe, Rehani, wala sifichi. Lakini hofu imezidi hasira. Tangu juzi anakataa hata maji. Korogwe si Ulaya, na miguu unayo.

Nisalimie Zamda na shemeji Hiza. Mama anakusalimu, ila sababu zako hataki kuzisikia. Mungu akulainishe moyo, akufikishe salama.

Mboga nitapika mimi, na chumvi ipo. Njoo umlishe.

Dada yako akupendaye hata kwa hasira,
Hajira