Mikono Inayokunja Shuka

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya mikono. Kila Jumamosi, miaka tisa sasa, wachoraji wa kikundi chetu cha mtandaoni huchora mikono ya mtu wa nyumbani kwao na kuiweka ukurasani. Mimi ndiye msimamizi. Zamani niliisubiri siku hii kwa hamu. Siku hizi nachoka kabla sijaamka. Leo zimekuja picha thelathini na moja, na kumi na tisa ni za mashine — mtu kaandika sentensi mbili, kaletewa picha, eti "nimechora". Nimezifuta hizo zote na kuwatoa walioziweka. Macho yanauma. Penseli yangu mwenyewe sijaigusa tangu mwezi uliopita.

Jumapili, 9 Machi

Tumemfukuza Brashi! Mzee wa kuchora mabango, mwenzetu tangu mwaka wa kwanza. Jana usiku, kwa mara ya kwanza, alileta mikono ya mkewe, ikikunja shuka. Safi mno, kivuli kimekaa mahali pake. Ila mkono wa kushoto una vidole vinne.

Aliyeona ni msimamizi mwenzangu — tunamwita Raba kwa kupenda kwake kufuta. Akasema mashine hukosea vidole, nani asiyejua, na mzee naye kachoka kapita njia ya mkato. Nikaikuza picha. Nikahesabu mara tatu. Vinne. Raba akauliza, tukimwachia kwa kuwa ni mkongwe, wengine tutawaambia nini? Samaki mmoja akioza wote wameoza. Nikabonyeza. Hatukumuuliza kitu. Ndiyo kanuni, na niliitunga mimi, maana kila tuliyemuuliza alikana.

Watu arobaini wamepiga makofi chini ya picha, tuliyoiacha iwe fundisho. Wengine wamemwita mwizi.

Jumanne, 11 Machi

Kazini, kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, bosi kanionyesha majalada matano aliyotengenezewa na mashine wakati sisi tunakunywa chai. Kazi yangu ni kunyoosha herufi tu. Nimezinyoosha.

Alhamisi, 13 Machi

Binti wa Brashi kaniandikia. Hakutukana — afadhali angetukana. Kasema mama yake alikatwa kidole na mlango wa gari kabla yeye hajazaliwa. Baba humchora vilevile alivyo, hajawahi kumwongezea. Kasema mama kayasoma maneno yote yaliyoandikwa chini ya picha. Tangu hapo mkono wa kushoto hautoki mfukoni, hata mezani.

Nimelia chooni kazini. Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kivuli! Mwaka mzima alinisahihisha mstari kwa mstari, wala hakuniomba chochote. Naujua mkono wake kuliko sura yake. Ningeitazama mistari ningemjua papo hapo. Nikahesabu vidole.

Raba anataka tumrudishe kimyakimya, yaishe. Nimekataa. Nimeandika kosa letu ukurasani, kwa jina langu. Mpaka sasa wamesoma watu sita.

Jumamosi, 15 Machi

Niko kwa Brashi. Kibanda chake kiko nyuma ya nyumba, kimejaa harufu ya tapentaini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika nilimwomba radhi mama kwanza. Akasema yameisha, mwanangu, akanipa chai kwa mkono wa kulia. Mzee hakusema yameisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka kutafuta karatasi.

Kamkalisha mkewe kwenye stuli karibu na dirisha. Kaniomba niegemeze simu kwenye kopo la rangi, nirekodi tangu mstari wa kwanza. Nimemwambia hakuna haja, baba, tunakuamini, rudi tu. Hakuniangalia.

"Rekodi, mwanangu. Wasije wakamsema tena mke wangu."

Basi narekodi. Na ninaandika, maana sijui macho niyaweke wapi. Kaanza na mkono wa kulia. Leo anarudia — huyu ambaye mstari wake ulikuwa haurudiwi! Kachora, kafuta. Kachora tena, kafuta. Naona aibu hadi masikio yanawaka moto.

Sasa wa kulia umekamilika. Kamwomba mkewe autoe wa kushoto mfukoni. Kamwomba kwa upole, mara ya pili. Mama hajautoa. Anaitazama simu.