Programu Aliyoileta Hamadi

Kisangani, Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Nakusalimia sana, wewe na nyumba nzima. Goti lako liko namna gani tangu mvua zianze? Na mkubwa wangu, yaya Zaina, alijifungua salama? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu nyinyi huko mkipokea simu mnaiweka sauti ya juu uani, na majirani wa parsele nzima wanasikia. Haya si ya parsele nzima. Kuna mama mmoja muuza vitenge anayepanda Kindu kwa kupitia Ubundu, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Afadhali usikie kwangu kabla hujasikia kwa wengine. Katika nyumba hii ya wakwe nilihesabiwa mtu asiyeaminika, na mume wangu alikuwa amekaa pale pale.

Unajua kwamba baba mkwe, Papa Salumu, hatoki tena tangu ugonjwa ulipompiga upande mmoja. Mtu aliyeshonea kanzu nusu ya watu wa mtaa huu, commune ya Kisangani, sasa anashinda kwenye kiti sebuleni. Ndiyo sababu binti yake Aziza, yule wifi aliye Ubelgiji, alimtumia televisheni ya intaneti na kumlipia abonema ya kila mwezi. Na kwa vile kazi yangu ni kupiga chapa na kutoa fotokopi, wote wakasema: "Furaha njo anajua mashini, aishike yeye."

Niliishika vizuri, mama. Abonema ile ina nyongeza nyingi: bouquet ya chaneli za mpira, za sinema, za watoto, na ukishaikubali moja inajirudia yenyewe kila mwezi mpaka uizime. Nilikaa na papa nikamuuliza anataka kuona nini hasa. Akasema visomo vya Kurani, na mpira wa timu zetu za hapa Kongo. Nikamchukulia hizo mbili tu, kutoka ndani ya abonema yenyewe, kwanza kwa mwezi wa kujaribu. Kisha nikaweka namba ya siri, ile code, mtu asiongeze kitu bila sisi kujua. Namba hiyo tuliijua watu wawili, mimi na mume wangu Amisi.

Kosa langu nalikiri. Akaunti ya Aziza iliyofungua televisheni ndiyo hiyo hiyo aliyotunzia picha za familia. Humo ndimo alimokuwa marehemu Mama Sakina, mke wa papa. Kulikuwa na video fupi, yuko jikoni anachambua majani ya sombe, anageuka, anasema: "Salumu, chai inapoa. Kuja basi." Kila asubuhi papa aliniomba nimwekee. Anamsikia, anacheka kidogo upande ule mzima wa uso, ndipo anakunywa. Ningemwambia Aziza atenganishe, akaunti moja ya televisheni, nyingine ya picha. Sikufikiria.

Hamadi, mdogo wake Amisi, anauza vifuniko vya simu sokoni. Yeye alitaka ligi zote za Ulaya na filamu mpya, tena bure. Siku moja nimerudi kutoka kazini, nikaona kwenye televisheni alama nisiyoijua.

"Ni nini hii, Hamadi?"

"Programu ya kuongeza. Fundi moja wa soko alinipatia kwa flash. Shemeji, iko na kila kitu!"

"Haitoki kwa abonema hii. Televisheni haikukukataza?"

"Iliandika eti haijue kwenye programu inatoka. Nikabonyeza oui, niikubali."

"Na ilikuomba nini?"

"Neno la siri ya Aziza, basi. Yaya Amisi alinipatia, pamoja na ile code yako."

Programu hatumjui aliyeitengeneza, na tumeikabidhi ufunguo wa nyumba. Nikashika rimoti niitoe, Amisi akanizuia mkono.

"Furaha, acha. Papa iko na furaha, Hamadi iko na furaha. Juu ya nini unapenda kuharibu?"

Nikamwambia basi nimwandikie Aziza abadilishe neno la siri leo leo. Akasema nikifanya hivyo nitamgombanisha na mdogo wake. Sikumwandikia, mama. Na hilo nalibeba mimi, simtwishi mtu. Wiki nzima nyumba iliangalia mpira ule, na hakuna aliyeuliza umetoka wapi.

Ikafika hitima ya mwaka mmoja wa Mama Sakina. Sebule ilijaa, wazee kwenye mikeka, wanawake mlangoni. Dua ilipomalizika papa akainua mkono wake mzima watu wanyamaze, akasema: "Furaha, utuwekee mama. Watu bamusikie."

Nikabonyeza. Televisheni ikaandika kwamba neno la siri limebadilishwa. Nikajaribu tena, maandishi yale yale yakarudi. Mara ile programu ya Hamadi ikajifungua yenyewe: matangazo ya kamari kwa makelele, halafu wanawake uchi, kioo kizima. Wazee wakainamisha macho. Nilirukia ukutani nikachomoa waya. Nilipogeuka, papa alikuwa bado ameinua mkono, anangoja.

Wageni walipoondoka, tonton Ramazani, mdogo wa papa, akatukalisha. Aziza alikuwa kwenye simu kutoka Ulaya, analia. Akaunti yake yote ilikuwa imechukuliwa.

"Ile code, batu ngapi banaijua?" tonton akauliza.

"Wawili," nikasema. "Mimi na Amisi." Wa tatu nilimwachia Amisi amtaje.

"Amisi, ni wewe ulitia ile kitu?"

"Hapana, tonton."

Na ni kweli, mama, si yeye aliyeitia. Akakaa ndani ya ukweli huo kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Alors ni bibi yako," tonton akasema, akininyooshea kidole.

Nikamwambia: "Amisi, sema." "Bon, tuache maneno, papa amechoka," ndilo jibu lake. Nikasema mwenyewe kwamba ni Hamadi. Hamadi akaapa hakugusa, akauliza angepata wapi code, na wote wakanigeukia mimi. Aziza akasema kwenye simu: "Furaha, nilikuamini," akakata.

Kuirudisha akaunti tulishindwa. Wenye huduma walituma namba ya kuthibitisha kwa anwani ambayo mwizi alishaibadilisha. Simu iliyorekodi ile video ilikufa zamani, na nakala nyingine hakuna. Niliruhusiwa kuifuta ile programu na kuifungulia televisheni akaunti mpya isiyo na kitu kingine ndani. Unajua nani aliwekwa kusimama nyuma yangu kuangalia mikono yangu? Hamadi. Naye alisimama, mama. Aliangalia mpaka mwisho.

Siku chache baadaye nilikuwa peke yangu na papa, namnywesha chai. Akaniambia polepole, mdomo ukiwa mzito: "Ile siku ya flash, mi nilikuwa hapa. Sikulala."

"Papa, ulimwona Hamadi?"

"Nilimuona."

"Na ukanyamaza?"

"Hamadi akijua ni yeye alipoteza sauti ya mama yake, atavunjika. Wewe iko nguvu. Na kwenu iko mbali, aibu haitafika kule."

Nilimfuta chai kidevuni. Nilimaliza kumnywesha. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia nikiwa nimeuma kitenge, watoto wa jirani wasinisikie.

Usiku nikamwambia Amisi: "Ijumaa tonton anakuja kula. Utasema mbele yake." Akasema atasema. Ijumaa walikula wali na samaki, wakanawa. Amisi akashukuru chakula, akaanza habari za barabara. Nilikuwa nimeshika sahani. Nikaiweka chini, nikaeleza yote tangu mwanzo, flash, code, nani alimpa nani.

"Anadanganya!" Hamadi akapiga kelele.

Tonton akamgeukia papa. "Yaya Salumu?"

"Anasema kweli," papa akasema.

Hamadi alitoka bila viatu. Nilimsikia uani akimwita mama yake kama mtoto mdogo. Usidhani nilifurahi. Amisi hakuinuka, si kwa ajili yake wala kwa ajili yangu. Na tonton, unajua alisema nini? "Lakini mwanamuke hasemi hivi mbele ya chakula." Hiyo ndiyo hukumu iliyobaki. Sasa mimi si mwongo tena, mimi ni mke asiye na adabu. Aziza aliniandikia neno moja tu, kwamba hakujua. Hakuna aliyesema "utusamehe". Amisi anadai nimemvua nguo mbele ya ukoo, na analala chumba cha Hamadi.

Nimemwambia nitakuja Kindu kukaa kwako mpaka roho itulie. Hakuuliza nitarudi lini. Usimtume kaka kunifuata, na usimpigie Amisi simu kumbembeleza. Nitakuja mwenyewe, kwa boti ya kwanza nitakayoipata Ubundu. Nitandikie tu mahali karibu nawe.

Nisalimie yaya Zaina na kichanga chake, umpe pole na pongezi. Nisalimie tonton Yusufu aliyenitoa siku ya ndoa, na jirani yetu mama mkunga, na kaka, umwambie asikasirike. Watu wa hapa hawakunituma salamu zozote, mama, na mimi sitawatungia.

Mwanao,
Furaha