Mkono wa Nyuma wa Mto

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Jumanne, imekunjwa mara nne kama kawaida yako, nikaisoma palepale mapokezi kabla sijapanda ghorofani. Nimefurahi kwamba goti la wifi limeanza kukubali ngazi, na kwamba wanao wote wamefaulu isipokuwa yule anayedai mwalimu anamwonea. Mwambie kwamba shangazi yake alidai hivyohivyo, na mwalimu mwenyewe alikuwa wewe. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli kisiwa chetu, pamoja na nyumba aliyoijenga marehemu baba, sasa ni mali ya nchi jirani. Ni kweli, kaka. Tume ya mpaka ya nchi zote mbili ilitia sahihi wiki iliyopita. La pili, unataka jina la mtu wa ofisi yetu ya ramani aliyetoa zile picha za angani zilizowaponza, maana umeapa kwamba hatakanyaga kizingiti chako hadi unaingia kaburini. Jina ninalo. Ila naomba nieleze kwanza, kwa sababu uamuzi mlisomewa uwanjani kwa kipaza sauti kibovu, na wifi ananiambia nusu ya watu walirudi nyumbani wakidhani mto ndio utakaohamishwa.

Mkataba wa zamani unasema mpaka unapita kwenye mkono mkubwa wa mto. Tulipokuwa wadogo mkono mkubwa ulikuwa ule wa mbele, kati yetu na majirani. Wa nyuma, kati yetu na nchi yetu wenyewe, tulikuwa tunauvuka na viatu mkononi. Leo mambo yamegeuka: wa mbele mbuzi anauruka, wa nyuma una kina cha kumzamisha mtu mzima. Mkataba umeliona hilo pia. Unasema maji yakihama kidogo kidogo, mpaka unahama nayo. Yakihama ghafla kwa balaa la siku moja, mpaka unabaki ulipokuwa. Kwa hiyo tume ilikuwa na swali moja tu, maji yalihama vipi.

Wewe uliapa mbele ya tume kwamba yalihama kwa siku moja, mafuriko yalipokuja asubuhi na kufikia jioni mkono wa nyuma umeshachimbika. Nilikuwa nimekaa kona ya chumba na ramani zangu, nimeagizwa kuweka alama kila mahali patakapotajwa. Ulisema vizuri sana kaka, kwa sauti ileile ya darasani, hata mwenyekiti akaacha kuchezea kalamu. Ulipokuwa unatoka ukanikonyeza. Nikainama nikajifanya nachonga penseli.

Tatizo ni waliokufuata. Watu wa kisiwa cha chini yetu mtoni, kaya arobaini ambazo mpaka wao nao ulikuwa unaamuliwa, walisimama mmoja mmoja wakasema hadithi yako karibu neno kwa neno. Kwao ni kweli tupu. Kilima kilimeguka wakati wa mvua, kikaziba mkono wao wa mbele na kuyasukuma maji yote nyuma kabla ya chakula cha mchana, na wakazika watu sita. Lakini hawakuwa na msemaji, wakadhani ukweli wao utapendeza zaidi ukivaa maneno ya mwalimu. Tume ikanong'ona kwamba wamekariri hotuba yako. Mwenyekiti akasema wewe uliyetangulia anakuamini, ila wale hatawaamini bila picha za angani.

Picha zilikuwepo, kwenye droo pana chini ya dirisha letu, mkanda mmoja uliopigwa katika miaka mitatu tofauti. Ndege ilipita juu ya mto wote, kisiwa chetu kikiwa mwanzoni na chao mwishoni. Utaratibu wetu ni kwamba mkanda huwasilishwa mzima, kila picha na namba yake. Ikikosekana moja, mkanda wote hautambuliwi. Sikuweza kuwapa wale ushahidi wao bila kutoa na wetu.

Tuna kifaa chenye lenzi mbili. Unaweka picha mbili chini yake, unainama, na ardhi inainuka, unaona vilima na mapaa. Niliiona nyumba yetu, kaka. Niliona jiko la mama bado limesimama, na kitu cheupe kando yake, nadhani ni shuka alizoanika. Alikuwa hai siku ile ndege ilipopita. Nililia hadi nikailowesha lenzi. Kisha nikapima. Mkono wa nyuma ulikuwa mwembamba mwaka wa kwanza, umepanuka wa pili, mpana wa tatu. Sikuhitaji hata kupima. Nilipoanza shule maji yalinifika kwenye kifundo cha mguu, darasa la nne magotini, na mwaka niliomaliza ulikuwa ukinivusha mgongoni, ukilalamika kwamba ninakula sana. Wewe ndiye uliyenichapa kwa kuuchora mto umenyooka, ukasema hauwezi kunyooka kwa sababu tu mkono wangu umechoka. Na wewe ndiye uliyeapa.

Mkanda niliutoa mimi. Nilizijaza namba, nikautia kwenye bahasha, nikaupeleka kwa mwenyekiti kwa miguu yangu. Hakunituma mtu. Ningeweza kukaa kimya, na kisiwa cha chini kingekwenda badala ya kusalia kwetu kama kilivyosalia leo.

Umeandika kwamba tumekufanya mgeni. Darasani ulitufundisha kwamba taifa ni watu na dola ni serikali na mipaka yake. Dola ndiyo iliyohama. Mkataba unakuruhusu kubaki na nyumba na uraia wako, lakini najua utahitaji kibali kuja kuyaona makaburi ya wazee huku ng'ambo. Hilo linaniuma kuliko kiapo chako cha kizingiti.

Kuna jambo jingine ambalo ofisini hawalijui. Ndugu wa shahidi haruhusiwi kushika ushahidi, na mimi sikutangaza kwamba ni ndugu yako. Jina langu la ndoa lilinificha. Humu ndani nimeweka fomu ya pingamizi. Panapoulizwa ofisa anayelalamikiwa nimeandika jina langu, na panapoulizwa sababu nimeandika kwamba tumezaliwa tumbo moja. Ukiipeleka kabla ya siku thelathini, mkanda utatupwa, kisiwa chetu kitarudi, mimi nitafukuzwa kazi, na zile kaya arobaini zitakwenda ulikokataa kwenda wewe. Nimeijaza yote kaka. Imebaki sahihi yako.

Nisalimie wanao, na umwambie wifi asilifunge goti kwa kitambaa kinachobana. Majirani wote wape salamu zangu kama bado watazipokea. Nawatakia afya na amani, popote itakapoandikwa kwamba mnaishi.

Ni mimi, mdogo wako wa pekee,
Macho Manne