Marobota Yasiyo na Kitambaa

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shemeji na wanao hawajambo. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi nipo, ila usingizi siku hizi ni wa kubahatisha.

Uliniuliza kazi ya kiwandani ikoje. Inalipa, ila kushona hatushoni sana. Kwa kuwa tumo ndani ya eneo huru la biashara, hatutozwi kodi, na benki hutukopesha kwa riba ndogo ili tushone mashati ya kuuza nje. Bosi akaona shati halina faida ya maana. Basi fedha za benki huingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, kwenda kwa mafundi na wenye maduka ambao benki haitaki hata kuwasikia. Wao hutulipa riba mara tatu. Cherehani zetu nyingi zimefunikwa. Hufunuliwa wakaguzi wakija.

Ofisini mkopo hauitwi mkopo, unaitwa robota. Wiki yangu ya kwanza mhasibu mkuu aliniambia kuna robota limekwama, nami nikaingia ghalani na tochi kulitafuta. Walicheka mpaka machozi. Tangu hapo jina langu ni Bwana Tochi.

Nikazoea. Kazi yangu ikawa kutuma ujumbe wa kudai kwa kompyuta, namba ya mkopo moja baada ya nyingine, bila majina wala namba za simu.

Juzi bosi aliniita akasema, “Robota la yule fundi makochi limeoza. Jumatatu kachukueni mashine.” Nilipouliza fundi yupi, akataja mtaa wako na mlango wako wa kijani.

Kaka, ile ofisi ndogo ya sokoni iliyokukopesha ni sisi. Zile jumbe zilizokufanya umtoe binti yako shule nilizituma mimi, bila kujua kuwa ni wewe. Naona aibu.

Ningekataa, wangetumwa walinzi wa getini, nao hubeba mpaka meza. Kwa hiyo nimeomba nije mwenyewe. Chagua cherehani moja uipeleke kwa jirani kabla ya Jumatatu. Sitauliza iko wapi.

Nitakapobisha hodi nitakuwa na wenzangu wawili. Tafadhali, mbele yao, tusijuane.

Nisalimie shemeji. Mama mwambie kazi inaniendea vizuri.

Ni mimi,
mdogo wako.