Hodi Yangu Katika Muziki Wako

Mzee wangu,

Binti yako amenitumia ujumbe kutoka kwenu Japani: umetutoka, na mazishi yamekwisha. Nimelia jikoni kwa watu ninaowafanyia kazi sasa, wali ukaungua.

Nakumbuka nilivyoanza kazi nyumbani kwako Abu Hamour, katika nchi ya Waarabu, ugenini kwetu sote wawili. Mchana ulikuwa mwanasayansi, ukipima chumvi ya bahari kule Al Wakrah. Ukirudi unatunga muziki usio na ngoma wala mwimbaji: mlio wa kiyoyozi, mapovu ya maji, kijiko ndani ya bakuli. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa na taarabu, nilidhani spika zako zimekufa. Nilipokuambia, ulicheka mpaka miwani ikaanguka.

Siku moja ulikuwa unarekodi ukimya wa chumba. Nani angejua kwamba ukimya nao hurekodiwa? Nikaja na chai, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, na tena, kisha nikageuka kurudi. Ukatoka mbio, nami nikaanza kuomba radhi.

"Mafi mushkila, dada," ukasema, yaani hakuna shida, kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza. Hukukasirika; ulitaka tu kujua kwa nini nimerudi. Nikakueleza kwamba kwetu hodi ni tatu. Usipojibiwa, mwenyewe hayupo, nenda zako. Hukufuta kitu kwenye rekodi ile.

Ukanialika kwenye onyesho. Watu wachache, wamekaa kama wako msibani. Mara sauti yangu ikatoka kwenye spika: hodi. Sikujijua, nikaitikia kwa nguvu, "Karibu." Ukumbi mzima ukageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ukasimama, ukaniinamia mbele ya wakubwa wote. Tangu hapo, kila ulipoupiga muziki ule ulitaka niwepo, niitikie.

Sasa binti yako anataka kuupiga siku ya kukukumbuka. Ameniomba nirekodi ile "karibu" kwenye simu, waiunganishe na muziki. Ningependa kumridhisha, maana ni mtoto aliyefiwa. Lakini nimekataa, na kukataa kumeniuma. Anayekaribisha ni mtu aliye ndani, anayemsikia mgeni mlangoni; simu haimsikii mtu.

Nimemwandikia: acha hodi zote zipite bila jibu. Watakaosikiliza watadhani ni ufundi wako. Mimi huku nitajua ni habari tu: mwenyewe hayupo.

Pumzika, Mzee.

Dada wa nyumbani kwako